Giza Totoro, Kimya Jii

Katika kutafsiri hadithi za Kiingereza, neno lililonifunza zaidi ni dogo: "very". Mwanzoni kila nilipolikuta niliandika "sana": giza sana, kimya sana, amelewa sana. Kisarufi sikuwa na kosa. Lakini niliposoma kwa sauti, usiku wa hadithi haukuwa na giza.

"Very" lenyewe lina ukoo wa heshima. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao walilitoa katika Kilatini, na maana yake ilikuwa "kweli". Mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alilitumia hivyo, na hata kwenye Biblia ya King James ya 1611 maana hiyo bado inachungulia. Baadaye likachakaa kwa kutumiwa kila mahali. Mwandishi E. B. White, alipokiandika upya kitabu cha mwongozo wa uandishi, The Elements of Style, mwaka 1959, alilihesabu miongoni mwa ruba wanaonyonya damu ya maneno. Alikuwa mkali, ila ruba huyo namjua. Kwetu jina lake ni "sana" ya uvivu.

Na Kiswahili kimejaaliwa! Giza ni totoro, kimya ni jii. Kanzu ni nyeupe pe, masizi ni meusi ti. Mlevi amelewa chakari, aliyechoka kalala fofofo, aliyenyeshewa karowa chapachapa. Kila neno hapa lina mwenzi wake, wala haliazimwi: hakuna kimya chakari, hakuna mlevi totoro. Sikiliza pia sauti za maneno haya. Katika "chapachapa" nguo mbichi zinapiga miguuni. Anayekataa katakata ameshika kisu. Tena tuna mbinu ya kuvuta irabu: mzee akikuelekeza "kule mbaaali", safari imekwisha kurefuka kabla hujainua mguu. Na tunarudia kitenzi: kulia, alilia.

Sitaki "sana" litupwe. "Asante sana" haina mbadala, na "nakupenda sana" iliyosemwa kwa wakati wake hujaza nyumba. Linapopachikwa kwenye kila sentensi ndipo linapokufa, likaiua na sentensi.

Basi wewe unayeandika, rudi kwenye rasimu yako, pigia mstari kila "sana", kisha tega sikio usikie kitu chenyewe kinaliaje. Neno lake lipo; mama zetu wanalisema kila siku jikoni.