Duka la Martha na Kikapu cha Mama Mdogo

Filamu ya Die Herbstzeitlosen, iliyoongozwa na Bettina Oberli mwaka 2006, ni komedia ya Uswisi. Jina lake ni la ua linalochanua mwisho wa mwaka, maua mengine yakiwa yamekwisha kupukutika. Mhusika mkuu ni Martha, mjane wa miaka 80 anayeishi Trub, kijiji cha milimani katika eneo la Emmental. Mumewe amemwachia duka la vyakula, na tangu afe mume, duka nalo halina uhai. Siku moja Martha anakwenda mjini Bern kutafuta kitambaa cha bendera ya kwaya ya kijiji. Huko anaingia duka la nguo za ndani za kike, na mikono yake inaikumbuka kazi ya ujanani. Kumbe alikuwa fundi cherehani aliyeota kufungua duka la namna hiyo Paris. Anarudi kijijini, anaondoa bidhaa za marehemu rafuni, anatundika sidiria na chupi za lesi dirishani. Kijiji kinachachamaa. Mwanawe Walter, ambaye ni mchungaji wa hapo hapo, anaona aibu kuliko wote.

Niliitazama bwenini, hapa Tanzania ninakosoma, pamoja na wenzangu, tukisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Tulicheka pamoja, isipokuwa pahali pamoja. Wenzangu walicheka sana Martha alipopanga chupi dirishani. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwisha kumkumbuka mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa akiuza kwa kikapu kule Palma, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Juu aliweka udi, mafuta ya nazi na vijiti vya msiro, ule mti tunaousaga juu ya jiwe na maji, wanawake wakajipaka usoni. Chini, chini ya kitambaa, kulikuwa na shanga za kiunoni. Wateja wake walikuwa wanawake, na hakuna aliyemwita mhuni. Mwali akitoka unyagoni, yeye ndiye aliyeitwa. Mwanamume aliyetaka kumfurahisha mkewe alimtuma mtoto: "Kamwambie mama mdogo wako akupe kile kifurushi." Mara nyingi mtoto huyo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo hoja yangu ya kwanza ni hii: kinachowaudhi watu wa Trub si chupi, ni dirisha. Bidhaa yenyewe si ngeni kwao, kama shanga zisivyo ngeni kwetu. Ugeni ni kuiweka mahali ambapo mpita njia hawezi kusema hakuiona. Filamu inalijua hilo, na hapo ndipo kejeli yake inapokata. Walter anayemkemea mama yake kwa ajili ya maadili ana uhusiano wa siri na Shirley, binti wa Lisi, shoga wa Martha. Aibu ya mama iko kiooni, ya mwana iko gizani, na kijiji kinahukumu ile inayoonekana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Martha anazaa uzeeni kwa kuwa ameacha kuficha.

Hoja ya pili inahusu namna biashara inavyokua. Martha hafaulu peke yake. Frieda, aliye katika nyumba ya wazee, anajifunza intaneti na kusaidia kuuza kwa njia hiyo. Hanni anajifunza kuendesha gari. Wazee wa kike wanatarizi kwenye nguo hizo maua ya mavazi ya asili ya kwao. Hili la kutarizi ndilo wazo bora kuliko yote katika filamu: jambo jipya linaingia kijijini kwa mlango wa zamani. Bibi aliyetarizi maua hayo kwenye vazi la sherehe hawezi tena kuyaita machafu yakihamia kwenye sidiria.

Lakini nina ugomvi na filamu hii. Vikwazo vyote vya Martha viko vinywani mwa watu, na watu wakinyamaza, njia nyeupe. Ana nyumba, ana duka, ana barabara ya kwenda Bern. Hata Walter anapoliondoa duka lake ili apate chumba cha mafundisho ya Biblia, kijiji kiko pale pale, na kesho yake Martha anaweza kuanza upya. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Mama mdogo alikimbia na mtoto mgongoni, kikapu kilibaki. Sasa yuko Pemba, anakaanga bagia. Shanga atamuuzia nani, na watu wanatafuta unga?

Nilimsimulia filamu kwa simu. Alicheka hasa habari za Walter. Kisha akauliza, kwa Kimwani, "Huyo bibi chupi moja aliuza bei gani?" Nilitafuta kichwani, sikukumbuka bei hata moja. Akasema, "Basi hiyo ni hadithi ya dirisha, mwanangu, si ya duka."

Sijasikia tahakiki fupi kuliko hiyo, na nakubaliana nayo karibu yote. Ninalomtetea Oberli ni jambo moja. Komedia nyingi humcheka mzee anayetaka kitu. Hii inawacheka wanaomkataza. Stephanie Glaser, aliyezaliwa mwaka 1920, anamwigiza Martha bila kujipendekeza kwa mtazamaji. Anaposhika lesi, unaona fundi anayepima kitambaa, huoni kikongwe wa kuchekesha. Kwa hilo filamu inastahili kutazamwa na sisi tunaosoma fasihi ya pwani, ambako mwanamke akianza upya baada ya ujane au ukimbizi huulizwa kwanza, "Kwa umri huo?"

Wiki iliyopita mama mdogo alinipigia. Amepata vijiti vitatu vya msiro, anasaga mwenyewe, anawauzia wasichana wa jirani kwa kijiko, kando ya karai la bagia. Nilimuuliza bei. Alinitajia mara moja, kisha akanitajia na faida.