Nyumba Pana, Nyumba Mpya

Tunasema "nyumba pana", lakini "nyumba mpya". Ngeli ni moja, na mizizi yote miwili, -pana na -pya, inaanza na p. Mbona m imeonekana kwa mpya tu? (Mtu mpana ni habari nyingine: m yake ni mu- iliyopoteza u.)

Zamani mwanafonolojia angeandika kanuni ya kufuta nazali mbele ya p, t na k, kisha akabandika ubaguzi kwa ajili ya mpya. Mwaka 1993 Alan Prince na Paul Smolensky walisambaza mswada, uliotoka kama kitabu mwaka 2004, wenye njia nyingine: Nadharia ya Umbo Upeo. Hapa hakuna kufuta hatua kwa hatua. Yapo masharti yanayogongana, nayo hupangwa kwa uzito. Umbo linaloshinda huenda lina kosa, ila kosa lake limeangukia sharti jepesi.

Tuchore jedwali. Masharti yako juu, zito likitangulia kushoto: neno lisipungue silabi mbili, nazali isikae mbele ya p, t au k, sauti isipotee. Washindani wanashuka upande wa kushoto. Kwa -pana, umbo "mpana" linapata nyota chini ya sharti la pili, na alama ya mshangao: limetoka. "Pana" limepoteza sauti, lakini hilo ni kosa la sharti la mwisho, kwa hiyo kidole kinalielekea. Kwa -pya mambo yanageuka. "Pya" ni silabi moja, linaanguka kwenye sharti la kwanza kabla hata hatujafika la pili. "Mpya" linabaki, na m yake inakuwa silabi kamili, tena ndiyo inayobeba mkazo.

Masharti hayakuguswa, mpangilio haukuguswa, wala hakuna ubaguzi uliobandikwa. Ufundi wenyewe uko katika kujinyima huko. Kutunga sharti jipya kwa kila neno sumbufu ni rahisi. Fundi mzuri hulikubali sharti pale tu linapofanya kazi na kwingineko. Hili la silabi mbili linafanya. Mtoto tunamwambia "soma!" na "pika!" bila ku-, lakini sahani ikiwa mbele yake hatumwambii "la!". Tunamwambia "kula!"