Mkono na Akili katika Kazi ya Wanagenzi wa Sanaa

Imekuwa desturi katika mazungumzo yetu kumsifu kijana aliyeunda kitu kizuri kwa kusema kwamba ana kipaji. Sifa hiyo hutolewa kwa nia njema. Walakini ndani yake mna dharau iliyojificha. Humaanisha kwamba kazi ile imemtoka mkononi kama jasho, pasipo kupitia kichwani. Dharau hiyo hiyo ndiyo iliyozifanya kazi za mikono zihesabiwe kuwa kimbilio la walioshindwa masomo. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliikosoa elimu iliyowafanya watu wadhani kwamba maarifa yenye thamani hupatikana vitabuni tu au kwa waliosoma. Sisi twataka kuipeleka hoja hiyo hadi kwenye karakana ya sanaa na kuuliza: mwanagenzi anapobuni, je, anafikiri? Na kama anafikiri, ni jambo gani humfanya aache?

Tuanze na mpingo, mti ambao wachongaji wa Kimakonde wameupatia sifa duniani. Mpingo ni mzito hata kiini chake huzama majini. Chini ya gome mna tabaka la rangi hafifu ya manjano, na ndani yake kiini cheusi. Gogo laweza kuwa na ufa uliofichika, au likapinda mahali pasipotarajiwa. Mchongaji haongezi kitu, hupunguza tu. Mfinyanzi akikosea hurudisha udongo, na mshonaji hufumua uzi. Lakini kipande kilichokwisha kuondolewa na tezo hakirudi. Kwa hiyo kila pigo ni uamuzi. Mwanagenzi hana budi kuiona sura ya mwisho kabla haijakuwapo, kupanga kipi kitangulie, kukisia hatari, na kubadili shauri ufa unapojitokeza. Tukiyakuta mambo haya katika daftari la hisabati twayaita fikra. Hakuna sababu ya kuyanyima jina hilo yanapokuwa katika gogo.

Ushahidi wa fikra hizo haumo katika maneno ya msanii, bali katika kazi yenyewe. Tutazame nguzo ya watu wengi waliobebana, katika mtindo ujulikanao kwa jina la Ujamaa. Katika nguzo iliyofikiriwa, kila kiungo kina kazi: goti la aliye chini hupokea unyayo wa aliye juu, bega hubeba mtoto, na tundu baina ya miili limetobolewa mahali ambapo halidhoofishi shina. Mzee na kijana hawana uso mmoja. Jicho la mtazamaji hupanda likilizunguka gogo zima, wala halikuti upande uliotelekezwa. Katika nguzo isiyofikiriwa, uso mmoja hurudiwa mara kumi, miguu haikanyagi kitu, na watu wamebandikwa juu ya gogo kama stempu juu ya bahasha. Yawezekana nguzo hii ya pili ikawa laini kuliko ya kwanza. Lakini ulaini si ushahidi wa ubunifu. Hapa fani na maudhui haviachani: dai la kwamba binadamu hutegemeana huaminika pale tu mtu mmoja wa mti anapoonekana kumtegemea mwenziwe kwa kweli.

Mitindo hii haikushuka kutoka mbinguni. Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, hutajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa Ujamaa. Naye Samaki Likankoa hutajwa kwa ule wa shetani, ulioanza katika miaka ya 1950. Wote wawili walikuwa mafundi waliokwisha kuzijua kanuni za uchongaji kabla ya kuzivuka.

Katika uchoraji, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, atufunza jambo lilo hilo. Alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao nyembamba za dari zilizokatwa mraba, na rangi ya mafuta ya aina ipakwayo baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, nayo yataka kungojewa ikauke kabla ya kupakwa nyingine juu yake. Twaamini kwamba masharti hayo ndiyo yaliyosaidia kuzaa mandhari yake yasiyo na mapambo mengi, mnyama mmoja mkubwa, na mistari iliyo wazi. Mwingine angalilalamikia uhaba wa vifaa. Yeye alitafuta vifaa alivyo navyo vyaweza kufanya nini. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake, baadhi yao wakiwa jamaa zake, waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikaundwa.

Patakuwapo wenye kupinga: hao wanafunzi si walikuwa wakiiga? Naam, waliiga, na kuiga ndiyo mlango wa ufundi. Anayemnakili simba wa mwalimu wake kwa mara ya kwanza hulazimika kutambua kwa nini mgongo umepindwa hivi na mkia ukajaza pembe ile. Kuiga kwa namna hiyo ni kusoma. Lakini kumnakili kwa mara ya mia, kwa sababu mnunuzi amtaka simba yule yule wa jana, hakumfundishi kijana kitu. Mkono huenda mbio, akili hulala.

Hatari kubwa zaidi ni mgawanyo wa kazi usiobadilika. Mmoja hukata magogo, wa pili huchonga, wa tatu hana kazi ila msasa na rangi ya viatu. Mpango huu huharakisha biashara, nasi hatuwalaumu wanaotafuta riziki. Hata hivyo, kijana apigaye msasa miaka mitano bila kukabidhiwa gogo zima hata moja amenyimwa ujuzi uliokuwa karibu na mikono yake. Soko la kinyago kile likianguka, ataanguka nalo, maana alijifunza kitu kimoja, hakujifunza kuamua. Tena mpingo huchukua miongo mingi kukomaa. Kuuchonga bila kufikiri ni kuuharibu mara mbili.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Yafaa basi walimu wawaongoze wanafunzi, wawapo mbele ya kinyago au picha, wasiishie kusema kwamba ni kizuri. Waulize: msanii alikuwa na njia zipi nyingine? Kwa nini alichagua hii? Kifaa chake kilimzuia nini, naye alikijibuje? Nao wakuu wa karakana twawaomba jambo moja: kila mwanagenzi, hata wa msasa, apewe mara kwa mara gogo lake mwenyewe, alianze na kulimaliza, kisha aeleze mbele ya wenzake sababu za maamuzi yake.