Kosa Lilikuwa Kwenye Ndoo

Mliokuwepo uani asubuhi ile pale Tunduma, vifaranga walipoogeshwa dawa ya chawa, mliona kila kitu, kwa hiyo sitapoteza nafasi kueleza chawa wa kuku anafananaje. Nianze na ninaloliamini: vifaranga wale hawakuuawa na chawa. Waliuawa na ndoo.

Kazi iliyotangulia kuogesha ilikuwa safi. Mwenzetu aliyewaogesha alimtenga koo na wanawe, akachoma maranda ya zamani, akapaka banda chokaa. Hapo nampa maksi zote.

Halafu ikaletwa ndoo. Saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai, katika mji ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa baridi. Maji yalikuwa yamelala nje usiku kucha. Ndani yake dawa ya kuogeshea ng'ombe, imepimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda. Vifaranga wana wiki mbili, malaika mengi, manyoya ya kweli ndiyo kwanza yanachomoza mabawani. Akamshika wa kwanza, akamzamisha hadi shingoni, akampaka kichwani kwa kidole kilicholowa, akamtia kwenye tenga. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Dada mmoja akauliza, "Kaka, hawa si wadogo mno?" Akajibiwa kwamba dawa ni dawa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na ndiyo maana leo nasema kwa urefu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wa wiki mbili basi bado anataka karibu nyuzi 29. Kinachomtunzia joto la mwili ni hewa iliyonaswa katikati ya malaika makavu. Yakilowa, hewa inatoka, maji yanagusa ngozi, na upepo unafanya kilichobaki. Kuku mkubwa aliyeogeshwa mchana wa jua kali hujikung'uta akakauka. Kifaranga hana cha kujikung'utia.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye tenga. Kwanza walilia ile sauti kali, ya juu, ambayo kila mfugaji anajua ni kilio cha baridi. Baada ya muda mfupi kilio kikakatika, wakajikunyata, macho wakayafumba. Mtu mmoja akasema, "Mnaona, wametulia, chawa wamewaachia." Hawakuwa wametulia. Kifaranga mwenye baridi anayenyamaza ameishiwa nguvu za kulia. Wakati huo bado kulikuwa na nafasi ya kuleta jiko la mkaa na matambara makavu, lakini mikono yote ilikuwa ndooni, inamalizia waliobaki. Kufika jioni zaidi ya nusu walikuwa wamekufa.

Na koo? Koo alinyunyiziwa matone mgongoni, akaachiwa. Kwa hiyo walionusurika wakaingia kulala chini ya mabawa ya yule yule aliyewaambukiza.

Nimeandika mara nyingi na nitarudia: chawa si utitiri. Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku, na mchana hujificha kwenye nyufa, hivyo unapambana naye bandani. Chawa wa kuku huzaliwa, hula na hutaga juu ya kuku mwenyewe. Akitolewa hapo, siku chache tu amekwisha. Kwa vifaranga, hatari kubwa ni chawa wa kichwani, yule wa kijivu anayeng'ang'ania kisogoni karibu na ngozi. Humhama mama na kumpanda mtoto mara tu anapoanguliwa. Mayai yake yamegandishwa kwenye manyoya, na huanguliwa kwa siku 4 hadi 7 au zaidi kidogo. Dawa inayoua chawa haiyaui mayai hayo, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 7 hadi 10. Kuogesha mara moja na kusema kazi imekwisha ni kosa hata kwa kuku mkubwa, hata Oktoba kukiwa na jua.

Bibi zetu wa Kinyamwanga na Kinyiha hawakungoja vifaranga waanguliwe ndipo waanze kutafuta chawa. Koo akitaka kuatamia, kiota kilitandikwa majivu makavu yaliyochekechwa, na huyo koo akageuzwa, akakaguliwa chini ya mkia. Nakumbuka pia bwana mifugo mmoja, enzi zile tukiwa bado mkoa wa Mbeya, kabla mkoa wa Songwe haujazaliwa mwaka 2016. Alikuja kwa baiskeli, na katika mkoba wake alikuwa na unga wa pareto. Alimpaka koo siku anapowekwa kwenye mayai, akarudia katikati, akarudia tena siku ya 18, ili siku ya 21 watoto waanguliwe kwa mama safi. Kifaranga aliyekutwa na chawa alipakwa tone moja la mafuta ya kula kisogoni, likasuguliwa taratibu kwa ncha ya kidole. Mafuta huziba matundu ya kupumulia ya chawa. Hakulowesha hata kifaranga mmoja. Sijaona mtu baada yake aliyefanya kazi hii vizuri kuliko yeye.

Pareto hiyo inalimwa jirani, kwenye vilima vya Mbeya, na maua yake husindikwa Mafinga. Sumu yake huvunjwa na mwanga wa jua, haidumu, ndiyo maana hupakwa kikavu, kivulini, na kurudiwa. Sisi tunaiacha, tunakwenda kupimiwa dawa ya josho kwenye kichupa cha maji kisicho na lebo. Hili nalikasirikia kila mwaka. Baadhi ya dawa za josho ni za kundi la oganofosfeti, na hizo ndege huathirika nazo kwa urahisi: mate yanatoka, shingo inalegea, wanatetemeka. Kichupa kisicho na lebo hakikwambii umebeba ipi, na muuzaji asiyeuliza umri wa kuku hastahili kukuuzia chochote.

Kama una koo anayeatamia sasa hivi, mkamate leo mchana jua likiwa juu. Mgeuze, fungua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa, utazame mashina yake. Ukiona vishada vyeupe vya mayai, mtibu yeye leo, kwa unga mkavu, na urudie kabla ya siku ya 21.