Habari za Abdulwahid Sykes

Tumekisoma tena kitabu cha Mohamed Said, Maisha na Nyakati za Abdulwahid Sykes, kilichotolewa kwanza kwa Kiingereza mjini London mwaka 1998, kisha kwa Kiswahili. Twapenda kuwaambia wasomaji wetu yaliyo mema ndani yake, na yale yaliyotutatiza pia.

Tulipokuwa shuleni tulijifunza kwamba TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ya nyuma hatukuyauliza. Kitabu hiki chatupeleka huko nyuma, mpaka Gerezani na Kariakoo. Kleist Sykes, babaye Abdulwahid, alikuwa askari wa Wadachi katika vita vya kwanza, kisha mtumishi wa reli, tena mmoja wa walioiunda African Association mwaka 1929. Mwanawe alizaliwa mwaka 1924, akaenda Burma na jeshi la Mwingereza, akarudi akawa katibu wa chama cha makuli wa bandarini. Mwaka 1950 yeye na Daktari Vedasto Kyaruzi wakashika uongozi wa TAA. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kusimamia soko la Kariakoo. (Soko lile la zamani halipo tena, jengo la Beda Amuli lililofuata, la mwaka 1975, liliungua Julai 2021.) Hapa ndipo mwandishi anapotupendeza kuliko mahali pengine pote, kwa kuwa amekulia mitaa hiyo, naye ajua ni nani aliyekaa barazani kwa nani. Mengi aliyasikia kwa wazee wenyewe, na kama yeye asingaliyaandika yangalizikwa pamoja nao.

Lakini tulipofika tarehe 17 Aprili 1953 tulisimama. Siku hiyo, katika jumba la Arnautoglu, Abdulwahid alishindwa na Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu, katika uchaguzi wa urais wa TAA, akawa makamu wake. Mwandishi atuonyesha mtu aliyetoa nafasi kwa moyo mweupe. Huenda ndivyo. Walakini sisi tulitaka kumsikia mtu aliyeshindwa akirudi nyumbani usiku ule. Mwandishi ampenda mno mtu wake hata hamwachii kosa lo lote, na mtu asiye na kosa ni vigumu kumjua.

Tena kitabu chanung'unika kwamba Waislamu waliotangulia wamefutwa katika historia ya chama. Najua wako miongoni mwetu Wakristo watakaokifunga kwa neno hilo. Tungewasihi wasifanye hivyo. Majina yametajwa, siku zimetajwa, na nyumba ya New Street, iitwayo leo Mtaa wa Lumumba, yajulikana na kila mtu. Anayepinga na alete ushahidi wake, si hasira. Kosa tunaloliona sisi ni jingine: malalamiko hurudiwa mara nyingi, na kila yanaporudi Abdulwahid mwenyewe hutoweka, kurasa kwa kurasa.

Alifariki Oktoba 1968, hajatimiza miaka arobaini na minne.

Ajuaye Kiingereza na atafute pia makala ya Daisy Sykes Buruku juu ya babu yake Kleist, iliyochapwa Nairobi mwaka 1973 katika kitabu alichokihariri John Iliffe. Ni fupi, wala haigombi na mtu.