Shingo Iliyopondeka Haisubiri Dar

Bodaboda anayeshuka Kinole na mikungu ya ndizi akikosa kona, huenda akaangukia usukani. Pigo likitua kooni, ngozi inaweza isichanike kabisa. Mgonjwa anafikishwa hospitali mjini Morogoro akiwa ameketi na anaongea, ila sauti imekwaruza. Ukimbonyeza juu ya kola, ngozi inachakarisha chini ya kidole kama majani makavu: ni hewa inayovuja kwenye zoloto au bomba la hewa lililopasuka. Kwa macho ana nafuu kuliko mwenye paja lililovunjika kitanda cha pili. Naona ndiye wa kushughulikiwa kwanza, na afunguliwe njia ya hewa kwa kisu, chini ya jeraha, akiwa macho, kabla hajapandishwa gari la rufaa.

Uvimbe ndio unaodanganya. Kipenyo cha njia ya hewa kikipungua kwa nusu, ukinzani hupanda mara 16 hata hewa ikipita kwa utulivu, kwa hiyo mtu anayeongea saa nne anaweza kukoroma saa tano. Mafunzo ya kimataifa ya kuhudumia majeruhi, ATLS, yanaruhusu kujaribu kwanza mpira wa mdomoni, na penye kamera inayopinda na mkono uliozoea, sina ubishi. Bila kamera, mpira unasukumwa gizani. Bomba lililochanika nusu linaweza kukatika kabisa, ncha ikaingia kwenye nyama za shingo. Dawa ya kulegeza misuli ni hatari zaidi, maana misuli hiyo huenda ndiyo pekee inayoshikilia vipande pamoja. Ganzi shingoni, ketamini kidogo na oksijeni humwacha avute pumzi mwenyewe mpaka mpira uingie.

Wapo watakaosema tutakata shingo zisizohitaji. Ni kweli, aliyekwaruza sauti tu, bila mkoromo, damu kwenye kikohozi wala hewa chini ya ngozi, anainuliwa kichwa na kuangaliwa siku nzima. Wengine watataka utando ulio chini ya kifundo cha koo utobolewe, kwa kuwa ni haraka. Utoboaji huo ni wa anayekata roho. Mara nyingi unapita palepale palipovunjika. Pingamizi zito ni la mifupa ya shingo: haikunjuliwi nyuma kama kawaida, lazima mtu aishike wima, na upasuaji unakuwa mgumu. Ila ugumu huo hauhitaji bingwa peke yake. Tanzania imewategemea madaktari wasaidizi kwa upasuaji wa uzazi miaka mingi, na Ifakara, mkoa huuhuu, imewafundisha. Anayefungua tumbo usiku anaweza kufundishwa shingo.

Hospitali ya rufaa ya Muhimbili, Dar, iko umbali wa kilomita 190 hivi. Ukoromaji ukianza kati ya Chalinze na Mlandizi, nesi kwenye gari linaloyumba hana meza, hana taa, wala mtu wa pili wa kushika kichwa.