Akzoni ya ngisi kwenye nyuzijoto 37

Joto likipanda, milango ya sodiamu na potasiamu kwenye utando wa neva hufunguka na kujifunga upesi zaidi. Likishuka, milango huzubaa na msukumo huwa mpana. Hapo hakuna ubishi. Ubishi huanza pale milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya 1952, ya akzoni ya ngisi kwenye nyuzijoto 6.3, inapobebwa nzima nzima hadi 37 na kuitwa neva ya mamalia. Ni kosa, tena la wazi.

Kinachofanyika ni kuzidisha kasi zote kwa Q10 moja (kizidisho cha kasi kwa kila nyuzijoto 10 za ongezeko), nayo ni 3. Kutoka 6.3 hadi 37 kizidisho hufika karibu 29. Sodiamu inafunguka upesi mara 29, sawa, lakini kujifunga kwake na kufunguka kwa potasiamu navyo vimepewa 29 ileile. Utando haukuguswa: bado ni maikrofaradi 1 kwa sentimita ya mraba. Upitishaji wa sodiamu umeachwa kwenye milisimensi 120 zake. Basi mkondo uleule unatakiwa kuujaza utando uleule kwa sehemu ndogo tu ya muda wa awali. Volti haijafika popote, sodiamu imeshajifunga na potasiamu inavuta chini. Kilele kinafupika, mwishowe msukumo unazimika. Mwandishi wa programu, akiona mstari umelala, huongeza kichocheo, kama anayemwagia maji wali ulioshika moto.

Hodgkin na Katz walikuwa wameshalionyesha hilo mwaka 1949: volti ya utulivu hubadilika kidogo tu, kimo cha msukumo hupungua kadiri joto linavyopanda, na ngisi akipita nyuzijoto 35 hivi msukumo hukatika, kisha hurudi akipozwa. Huxley naye, kwa mashine ya hesabu ya kuzungusha kwa mkono, alipanda hadi 18.5 tu, kizidisho 3.82, akapata kasi ya mita 18.8 kwa sekunde dhidi ya 21.2 iliyopimwa.



Q10 moja kwa kila kitu haikuwa na kisingizio tangu 1963. Frankenhaeuser na Moore, kwenye neva ya chura Xenopus, walipata 1.3 kwa upenyezaji wa sodiamu, 1.8 kwa kufunguka kwa mlango wake, 2.9 kwa kujifunga kwake, na 3.2 kwa potasiamu kufunguka.